Rola au Mbao kwa Boti ya Manjano

Glenys Pascoe alipomaliza kuipaka boti rangi, alimwita mumewe kutoka jikoni. "Njoo uione!" akasema, na papo hapo akatamani kulirudisha neno hilo kinywani.

Lyle alitoka akijifuta mikono kwa kitambaa cha vyombo. Akasimama kando ya boti, akageuza uso pembeni kidogo kama mtu anayetega sikio kwa jirani, maana ndivyo alivyotazama vitu siku hizi. Katikati ya macho yake palikuwa na wingu la kijivu lililomeza chochote alichokielekea. Kingoni bado palikuwa na mwanga. Daktari wa macho kule Adelaide aliwaeleza bila kuzungusha maneno: maradhi haya hula kitovu cha jicho na kuacha ukingo. Lyle hataingia gizani kabisa, lakini kusoma, kutambua sura za watu na kuendesha gari, hayo ayaage.

"Manjano," Lyle akasema.

"Umeipata!"

"Hata ndege mwari wa kule jetini wameipata. Kiini cha yai hiki. Glenys, utafukuza samaki wote wa ghuba."

"Samaki wako chini, bwana. Rangi nimepaka juu."

Lyle akacheka, akaiwekea boti kiganja, akakipitisha taratibu kutoka omo, kule mbele, mpaka tezi, kule nyuma. Rangi ilikuwa laini kama sahani ya kaure. Mkewe alikuwa ameishi kwa brashi: nusu ya vibao vya maduka ya mji wao, Port Hallam, viliandikwa naye, na majina ya boti karibu yote. Majira yote ya baridi alikuwa ndani ya banda la bati, akiipiga alumini msasa, akiiosha kwa dawa, akiipaka rangi ya kwanza inayoshika, kisha hii ya manjano, tabaka juu ya tabaka. Manjano aliyachagua kwa hila. Mara kwa mara, Lyle akinywa chai, alimpitishia vipande vya kadi pembeni mwa uso akijifanya anatafuta miwani yake, ili ajue ni rangi gani inayomfikia upesi. Lyle alielewa mchezo ule tangu siku ya kwanza. Kuna zawadi ambazo ukizitaja unaziharibu.

Kilichobaki ni trela. Lile la zamani lilikuwa limeliwa na chumvi hata ungeweza kutoboa chuma chake kwa bisibisi, na boti yenye rangi mpya hailazwi juu ya kutu.

Basi wakaenda kwa Ante Barbarić, fundi wa matrela, ambaye karakana yake iko nje ya mji, ng'ambo ya maghala ya ngano. Glenys aliendesha pikapu. Mjini watu walikwisha kuzoea kumwona yeye kwenye usukani, kwa kuwa Lyle alikuwa amewaambia kwamba nyonga inamsumbua. Huo ndio uongo aliouchagua, naye Glenys alikubali kuubeba pamoja naye, ingawa ulimchoma mabegani kama kamba ya mzigo.

Na uongo huo ulikuwa na sababu yake. Kwenye mteremko wa kushushia boti pale Port Hallam, Lyle Pascoe alikuwa mtu wa kutajwa. Mgeni akija kutoka mjini na trela linalompindia huku na huku, foleni ikinung'unika nyuma yake, watu walisema, "Mwiteni Lyle." Lyle angeingia kwenye gari la mgeni yule, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika pai ya nyama, na trela lingerudi nyuma limenyooka kama rula mpaka majini. Watoto wa watoto wa watu walijifunza rivasi kwake. Mtu aliyejulikana kwa jambo kama hilo atatangazaje kwamba haoni tena kioo cha pembeni?

Ante alikuwa mtu mpana mwenye sauti ya kushinda mashine zake. Aliizunguka ile boti, waliyokuwa wameileta juu ya trela la jirani, akapiga mluzi.

"Glenys, wewe umepaka boti au umepaka ukumbi wa harusi?"

"Ukiikwaruza, Ante, nitakupaka na wewe."

"Ndiyo maana nauliza kabla ya kukata chuma." Akawaongoza mpaka penye matrela mawili yaliyokuwa yakisubiri wenyewe. "Sikilizeni. Kuna njia mbili za kulaza boti. Hii ya kwanza ni rola." Akasukuma kwa kidole moja ya magurudumu yale madogo yaliyojipanga kwa jozi juu ya fremu, nalo likazunguka kwa wepesi. "Boti inapanda na kushuka yenyewe. Maji yakiwa machache, huhitaji kuzamisha ekseli. Mtu mmoja anatosha kuisukuma. Hii ya pili ni mbao za kulalia." Akapiga konzi mbao mbili ndefu zilizovikwa plastiki, zimelazwa sambamba kama reli. "Hizi zinaishika boti chini urefu wake wote. Haitoki mpaka maji yaiinue. Lakini lazima uende penye kina cha maji, na kuivuta juu kunataka jasho kidogo."

"Rangi?" Glenys akauliza.

"Rola inabeba mzigo kwenye vidoti vidogo. Alumini nyembamba huacha alama. Kwa rangi yako, mimi ningependa mbao. Ila kuna swali kubwa kuliko rangi." Ante akajifuta jasho kwa kiwiko. "Nani anapiga rivasi, na nani anasimama kwenye winchi ya kuvuta boti?"

"Mimi napiga rivasi," Lyle akasema. "Glenys anashika kamba."

Glenys akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake.

"Na nyonga?"

"Nyonga itapona."

"Ah, kama ni wewe, basi hapo hakuna neno," Ante akasema, na uso wake ukafunguka. "Mtu kama wewe hata ningempa trela lililoundwa kwa barafu. Tuweke rola, tumalize. Mteremko wetu pale maji yakipwa ni tambarare kama kiwanja cha kriketi, mbao zitakuchosha bure."

Walipokuwa njiani kurudi, wakayapita maghala yote.

"Umemdanganya fundi," Glenys akasema.

"Sijamdanganya. Nimemnyima habari."

"Lyle, anatengeneza kitu kutokana na maneno yako. Mimi ndiye nitakayerudisha nyuma. Wewe ndiye utakayekuwa pale mbele, na rola zile zisizo na adabu."

"Nimeshusha boti tangu kabla hatujaoana. Mikono yangu inaona."

"Mikono yako haioni maji yako wapi."

Lyle aligeuza uso dirishani, ambako mashamba ya ngano iliyovunwa yalikuwa yakipita kama utepe mweupe kwenye pembe ya jicho lake, na Glenys akajua kwamba mazungumzo yamefungwa, kwa kuwa huyu alikuwa mtu wa kununa kimyakimya, hasa akijua amekosea.

Trela likaja, zuri, limezamishwa katika zinki likang'aa. Siku ya kushusha boti kwa mara ya kwanza ilikuwa ya likizo za kiangazi, upepo wa kaskazini unavuma moto kama mdomo wa tanuri, na Port Hallam yote iko kwenye mteremko. Magari yamepanga foleni mpaka penye choo cha umma. Kaa wa buluu walikuwa wamesogea karibu na pwani, na kila mwenye ndoo aliitaka nafasi yake.

Boti ya manjano ilishangiliwa. "Ndizi imefika!" mtu akapiga kelele. Mwenye kelele hizo, aliyesimama majini hadi magotini akivuta kamba ya boti yake, alikuwa Dale Schirmer, mkulima wa kondoo na mvuvi wa kila wikendi, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika.

"Lyle, mbona mama ndiye yuko kwenye usukani? Umepokonywa leseni kwa sababu ya bia?"

"Nyonga, Dale."

"Nyonga! Mwaka mzima nyonga. Hiyo nyonga ina mimba?"

Watu wakacheka, Lyle akacheka nao. Alikuwa akitembea kando ya winchi, mkono wake kwenye ukingo wa boti, na Glenys akirudi nyuma pole pole, shingo imemkakamaa. Alikuwa akifanya vizuri. Trela lilinyooka. Lakini siku hiyo ilikuwa ya maji mafu, yale ya ghuba yetu ambayo hayajai wala hayapwi, yanakaa tu kama yamesahau kazi yake, na yalikuwa yamekaa mbali chini kuliko Lyle alivyokumbuka.

Glenys akakaribia maji, akaona kamba ya Dale imelala kwenye njia ya matairi. Dale akainua mkono kumwambia asubiri. Glenys akakanyaga breki.

Lyle hakuuona mkono ule. Alihisi trela limesimama. Wakati huohuo, kwenye njia ya pembeni, mtu aliwasha injini ya boti yake, na mawimbi yakapiga zege chapwa, chapwa, karibu kabisa na masikio ya Lyle. Kusimama, na sauti ya maji: kwa miaka yote ya maisha yake ishara hizo mbili zilikuwa na maana moja. Akafungua mnyororo ulioifunga omo kwenye trela. Akaachia winchi.

Boti iliondoka kama sabuni kwenye mkono uliolowa. Rola zikaimba, mkanda wa winchi ukapiga kelele ukifunguka, na boti ya Glenys ikashuka tezi kwanza kwenye zege kavu kwa mlio ambao watu waliusikia mpaka kwenye duka la chambo. Dale alitupa kamba, akaruka pembeni, akateleza kwenye mwani, akaketi majini kwa kishindo. Tezi ya boti ilisimama hatua chache kutoka pale alipokuwa.

Dale akainuka, maji yakimchuruzika kwenye kaptura, uso mwekundu kama kaa aliyechemshwa.

"Lyle! Ungeniua! Wewe kipofu?"

Lyle alikuwa bado ameshika mpini wa winchi. Alisikia mlango wa pikapu ukifunguliwa na nyayo za Glenys zikija mbio. Alisikia pia ule ukimya wa watu wengi waliosimama wakimtazama, na sura zao kwake zilikuwa madoa tu, moja moja, zimepangwa kwenye ukingo wa wingu. Neno la nyonga lilimjia mdomoni, kwa mazoea. Akaliona jinsi lilivyochakaa.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, mimi kipofu. Sioni, Dale. Ni karibu mwaka sasa. Nilisikia maji nikadhani tumefika. Umeumia?"

Dale akajipapasa nyuma.

"Matako tu," akajibu, kwa sauti ndogo. "Mzee, mbona hukusema?"

"Nimesema sasa hivi."

Mtu mmoja akacheka, cheko la wasiwasi, kisha wa pili. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lyle wetu aliumbuliwa na rola. Dale ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingiza mabega chini ya omo. Wengine wakamfuata bila kuitwa, wanaume kwa wanawake, hata bibi mmoja aliyevaa kofia pana akaacha kiti chake cha kukunja. Wakainyanyua omo mpaka ikagusa rola ya kwanza, Glenys akazungusha winchi, na ndizi yao ikapanda tena, taratibu, ikiacha nyuma yake unga wa manjano kwenye zege.

Lyle alitaka kusaidia kunyanyua, lakini mkono wa mtu ukamsogeza kando kwa upole. Upole ule ulimuuma zaidi kuliko kelele za Dale.

Nyumbani, Glenys alijiingiza chini ya boti kwa mgongo, akakaa huko muda mrefu. Lyle aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akingoja hukumu.

"Mkuku, uti wa boti, umechunika kuanzia tezi mpaka katikati," sauti ikasema kutoka chini. "Pembe ya kulia imebonyea. Ncha ya injini imemeguka. Na kuna jingine. Hata kabla ya leo, hizi rola zilikuwa zimeanza kuacha chapa kwenye rangi. Vishimo, kama mtu amebonyeza unga kwa kidole."

"Nisamehe, Glen. Majira yote ya baridi ulikuwa hapa."

Glenys akatoka, vumbi kwenye nywele, akaketi sakafuni mbele yake.

"Rangi? Rangi nitapaka tena, ndiyo kazi yangu. Lyle, tungemzika Dale. Nilikuwa kwenye usukani, nikaona kwenye kioo boti inamwendea, na nilichowaza ni kwamba mimi nilijua. Nilikaa kwa Ante nikajua, nikanyamaza ili wewe ubaki Lyle wa rivasi."

Lyle akapapasa mpaka akaupata mkono wake, mgumu wa rangi iliyokauka.

"Kesho tunarudi kwa Ante," akasema.

"Utamwambia wewe, si mimi."

"Nitamwambia mimi."

Ante alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono. Habari ilikuwa imeshamfikia, bila shaka. Katika mji ule habari hutangulia gari. Lakini alimwacha Lyle aiseme yote mwenyewe, kisha akalipuka.

"Nilikuuliza! Nilisimama hapa hapa nikakuuliza nani anapiga rivasi. Mimi nachomelea chuma kufuata jibu la mtu, Lyle. Umenifanya nitengeneze trela la mtu ambaye hayupo."

"Mtu huyo nilikuwa mimi, Ante."

Fundi akajikuna shingo, akatazama paa.

"Haya," akasema kwa sauti nyingine. "Leta mikono yako hapa."

Akampeleka kwenye meza ya kazi, akamwekea vipande vitatu vya mbao, kila kimoja kimevikwa kitu tofauti. "Shika. Uniambie."

Lyle akashika cha kwanza. "Zulia."

"Zulia. Siku ya kwanza ni mto wa kulalia, rangi itakupenda. Lakini linakunywa maji ya chumvi na halitemi. Mchanga unaingia ndani yake, kila safari inakuwa msasa. Baada ya viangazi viwili ukilifunua, rangi imevimba malengelenge na alumini chini yake imeliwa. Hasa mbao zikiwa zimetiwa dawa ya kuzuia kuoza. Ile dawa ina shaba, na shaba na alumini ni mke mwenza na mke mwenza."

"Hiki ni mpira," Lyle akasema. "Unashika sana. Glenys atavunjika mgongo kwenye winchi."

"Na weusi wake utaandika kwenye manjano yangu," Glenys akaongeza.

"Cha tatu?" Ante akauliza.

Lyle akakipapasa. Kilikuwa laini, baridi kidogo, kingo zake zimeviringwa. Akakisugua kwa kidole gumba. "Plastiki ngumu. Inateleza."

"Inateleza, ila kwa mwendo wa mtu mzima. Haikimbii kama rola. Haifyonzi maji, unaimwagia maji ya bomba na imekwisha."

"Na maji yakiwa machache?" Glenys akauliza. "Pale ni kiwanja cha kriketi, ulisema mwenyewe."

"Hapo tunaweka rola chache, katikati tu, zile laini, zibebe mkuku wakati wa kupanda. Mkuku ni mfupa, hauumii. Pembeni, kwenye nyama, tunaweka mbao. Lakini mbao lazima zikae chini ya mbavu za boti. Zikikaa katikati ya mbavu, tumerudi kule kule kwenye vishimo. Kwa nje rangi imefunika viungo, itabidi nipime kwa ndani..."

"Ngoja," Lyle akasema.

Akavua kofia, akalala sakafuni, akajisukuma chini ya boti waliyokuwa wameivuta mpaka pale. Wakamsikia akigonga kwa kifundo cha kidole, akisogea, akigonga tena. Pale penye ubavu mlio ulikuwa mfupi. Penye uwazi ulikuwa na mwangwi. Tena akapitisha ncha za vidole, akausikia mstari ambapo alumini ilivutwa kidogo na moto wa kuchomelea, unene wa unywele tu.

"Glen, lete chaki. Hapa. Mpaka hapa."

Glenys akalala kando yake, akawa anachora pale kidole kinapoonyesha. Walilala hivyo, bega kwa bega, kichwa cha mmoja karibu na cha mwingine, kama watu wawili wanaotazama nyota, ingawa juu yao palikuwa na tumbo la boti lililochubuka. Ante alikuja na futi ya utepe, akapima mistari ile kwa kuilinganisha na mbavu za ndani.

"Mstari mmoja umekosea kidogo," akasema. "Hapa tezi."

"Sogeza," Lyle akasema. "Sikusema mimi ni daktari."

Halafu Ante akapendekeza milingoti miwili mirefu nyuma ya trela, mmoja kila upande. Glenys aliitaka ili aone trela lake liko wapi wakati wa rivasi. Lyle aliitaka kwa sababu mkono wake ungejua mlango uko wapi. Wakabishana kuhusu rangi yake, na Glenys akashinda kabla mabishano hayajaanza.

Jambo la mwisho lilikuwa mnyororo. Ante alishauri kwamba Lyle asiuguse mpaka mkewe ashuke, aje, amshike bega.

"La," Lyle akasema. "Sitashikwa bega kama mtoto anayevushwa barabara. Aseme 'fungua', nifungue. Asiposema, hata bahari ikinifika shingoni sifungui."

"Hata ukiniudhi?" Glenys akauliza.

"Ukiniacha huko nitajua umeudhika."

Matengenezo yalikula sehemu kubwa ya kiangazi. Walipoteremka tena, asubuhi ya siku ya kazi iliyo tulivu, mteremko ulikuwa na watu wachache. Hata hivyo habari ilikuwa imewatangulia, kama kawaida.

"NI DALE!" sauti ikanguruma. "NIKO KULIA KWAKO, LYLE! KARIBU NA NGUZO!"

"Mimi kipofu, Dale. Si kiziwi."

"Samahani." Kisha, kwa sauti ya kawaida, "Nilikuwa sijui mtu anaanzaje."

"Umeanza vizuri. Punguza tu injini."

Wengine nao wakawa wanapita wakitaja majina yao, wengine kwa aibu, wengine kama askari kwenye gwaride. Mama mmoja akamnyang'anya Lyle ndoo ya chambo ili ambebee; Lyle akaidai irudishwe, kwa ukali kuliko alivyokusudia, na baadaye ikabidi amtafute amwombe radhi. Haikuwa rahisi siku ile, wala siku zilizofuata. Mtu aliyezoea kuitwa asaidie hajifunzi kusaidiwa kwa mkupuo mmoja.

Glenys akarudi nyuma. Mbao zikaenda kinani, maji yakapanda, boti ikaanza kupumua juu ya plastiki. Lyle alisikia mawimbi yakipiga, akasikia trela limesimama, na mikono yake yote miwili ikataka kufanya kazi. Akaikunja kifuani.

"Fungua!" Glenys akasema.

Boti ikateremka bila haraka, ikaelea.

Walikaa baharini mpaka jua likawa kali. Glenys alishika usukani, akakosa alama ya njia mara mbili kwa sababu Lyle alimwelekeza kwa mnara ambao ulishabomolewa. Wakarushiana maneno, wakapata mahali pao. Lyle alivuta nyavu za kaa. Kila kaa alimpima kwa mkono dhidi ya kipimo cha plastiki, akampindua, akapapasa tumbo. Jike mwenye mayai alirudi majini. Mmoja alimbana kidole gumba, naye akatukana mpaka ndege wakaruka. Walirudi na ndoo iliyojaa nusu, na ngisi mmoja aliyekamatwa kwa bahati tu.

Kupandisha kulikuwa kugumu zaidi. Upepo wa pembeni ulikuwa umeanza, na Glenys alirudisha trela likapinda. Akasogea mbele, akajaribu tena, likapinda upande wa pili. Gari likaja nyuma yao, kisha jingine.

"Nimfanyie?" Dale, aliyekuwa bado pale kando, akauliza.

Lyle alikuwa majini mpaka kiunoni, ameshika kamba ya omo. Aliijua hesabu ya kosa lile bila kuliona. Kwa mlio wa matairi tu alijua mkewe anazungusha usukani mno, na mapema mno. Angeweza kumpigia kelele. Mteremko mzima ungesikia.

"Mwache," akasema. "Anajua. Anakasirika kwanza, halafu anaweza."

Safari iliyofuata trela likaja limenyooka. Lyle akanyoosha mkono, akaugusa mlingoti wa kushoto, kisha wa kulia, akaingiza boti katikati yao. Mkuku ukakanyaga rola za katikati. Glenys akaja kwenye winchi, akazungusha, akasimama kuvuta pumzi, akazungusha tena.

"Imekaa?" akauliza. "Kutoka huku sioni."

Lyle akapitisha kiganja upande mmoja, pale boti inapokutana na ubao, kisha akazunguka nyuma, maji yakimvuta suruali, akapapasa upande wa pili. Upande wa kushoto ulikuwa umejitenga kidogo. Akaegemeza bega kwenye tezi, akasukuma, na boti ikajilaza.

"Imekaa."

"Haya, funga, twende. Nina njaa ya kula hata chambo." Kisha akageukia watu walioegesha. "Dale! Kaa ni wengi kwetu wawili. Njoo jioni na bia."

"Nije saa ngapi?" Dale akapiga kelele.

"Ukija tutakusikia," Lyle akasema, akatafuta ndoano ya mnyororo.